Ruzuku ya usafiri wa jamii: ni kitu gani, na inalipia nini?

Ruzuku ya usafiri wa jamii ni fedha inayotolewa na serikali, shirika au mfadhili ili watu wa pahala ambapo gari ya biashara haifiki, au inafika mara moja kwa siku, wapate usafiri wa uhakika kwa nauli wanayoimudu. Fedha hiyo hairejeshwi. Lakini ina masharti: ina kazi maalumu iliyoandikwa kwenye mkataba, ina muda wake, na aliyeipokea lazima aoneshe risiti.

Unguja na Pemba jina hilo halijazoeleka, ingawa haja yake kila mtu wa shamba anaijua. Chake Chake utapata gari za Wete, za Mkoani na za Konde mchana kutwa, kwa sababu abiria wapo. Shida inaanza ukiiacha barabara kuu. Katika shehia za ndani gari inaondoka alfajiri kwenda mjini na kurudi jioni, na aliyeikosa anachukua bodaboda kwa bei ya kumtoa machozi, au anakwenda kwa miguu. Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza kwa upande wa Pemba, na Tumbatu kwa upande wa Unguja, usafiri wenyewe ni wa chombo cha baharini, na mgonjwa wa usiku anamsubiri nahodha, na nahodha anasubiri maji yajae.

Mwenye gari hana kosa. Kanunua gari ili ale yeye na wanawe. Njia yenye abiria saba haimlipi mafuta, basi anaipeleka gari kwenye watu wengi. Ndiyo maana usafiri wa vijijini hauwezi kuachiwa soko peke yake: anayeuhitaji zaidi, yaani mzee, mjamzito, mwanafunzi, mtu mwenye ulemavu, ndiye mwenye uwezo mdogo wa kuulipia. Zanzibar inawalipa wazee waliofika miaka 70 Pensheni Jamii, mpango ulioanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ukapandishwa hadi 50,000. Ni jambo la heri kubwa. Sasa hesabu bodaboda ya kwenda na kurudi kliniki kwa mzee wa shehia ya mbali, uone kinachobaki mkononi.

Ili kuielewa ruzuku yenyewe, anza na neno moja: pengo. Tuchukue mfano wa kubuni. Jumuiya ya kijiji ina gari ndogo ya abiria inayokwenda mjini na kurudi. Kwa siku inatumia mafuta ya shilingi 60,000. Dereva na utingo wanalipwa 35,000. Kila siku inawekwa pembeni 35,000 kwa ajili ya mipira, oili, gereji na bima. Jumla 130,000. Abiria wa siku nzima ni 45, na kila mmoja analipa 2,000, sawa na 90,000. Pengo ni shilingi 40,000 kwa siku. Gari ikitembea siku 26 kwa mwezi, pengo ni 1,040,000; kwa mwaka ni 12,480,000. Hii ndiyo fedha ambayo ruzuku inaitafuta. Bila ya hiyo kuna njia tatu tu, nazo zote mbaya: kupandisha nauli mpaka wale waliokusudiwa washindwe, kupunguza safari, au kuacha kubadilisha mipira.

Na hapo hatujahesabu uchakavu. Gari ya shilingi milioni 36 ikitumika miaka sita, kila mwezi unakula shilingi 500,000 za gari yenyewe, uzione usizione. Jumuiya isiyoweka akiba hiyo itajikuta mwaka wa saba inamtafuta mfadhili mwingine tena, kwa barua ileile.

Ndiyo maana wanaoijua kazi hii wanatenganisha fedha ya kununua na fedha ya kuendeshea. Ya kununua ndiyo inayopendwa na watoaji, kwani gari mpya inapigwa picha, inaandikwa ubavuni jina la aliyetoa, na kuna siku ya kukabidhi funguo. Ya kuendeshea haina picha. Ni lita za mafuta, ni mshahara wa dereva, ni betri iliyokufa. Lakini miradi ya usafiri inakufa kwa kukosa hii ya pili, na inauma kuiona gari iliyopokelewa kwa dua na maulidi imesimama chini ya mwembe kwa sababu ya spea moja. Kama ningeulizwa na jumuiya yoyote ya Pemba ni fedha ipi ipiganiwe kwanza, ningejibu bila kusita: ya kuendeshea. Gari unaweza kuikodi. Mafuta ya mwaka wa tatu huwezi kuyakodi.

Nchi zilizotangulia ziliuona ukweli huu na kuuandika katika sheria. Marekani, pamoja na utajiri wake, ina mfuko wa serikali kuu kwa ajili ya usafiri wa umma vijijini tangu mwaka 1978. Leo unajulikana kwa nambari ya kifungu chake, 5311, na unahusu maeneo yenye watu chini ya 50,000. Kwa ununuzi wa gari na vifaa, serikali kuu inaweza kubeba hadi asilimia 80. Kwa gharama za kuendesha, inabeba hadi asilimia 50 ya kile kinachobaki baada ya kutoa nauli, yaani nusu ya pengo. Nusu nyengine kwa kawaida inatoka jimboni, wilayani au kwa wahisani wa huko huko. Tukirudi kwenye mfano wetu, jumuiya ingepata 520,000 kwa mwezi, na ingepaswa kuonesha 520,000 nyengine zinatoka wapi. Kuna pia kifungu cha 5310, ambacho kinawahusu wazee na watu wenye ulemavu.

Uingereza waliongeza jambo ambalo si fedha, nalo lina thamani kama fedha. Sheria ya Usafiri ya mwaka 1985 inaziruhusu jumuiya zisizotafuta faida kuchukua abiria kwa malipo bila ya kupita kwenye leseni kamili ya kampuni ya mabasi. Kifungu cha 19 ni kwa wanaobeba watu wa kundi maalumu, mfano wazee au wanachama wao. Kifungu cha 22 ni kwa wanaoendesha njia iliyo wazi kwa mtu yeyote. Usalama wa gari na sifa za dereva vinabaki palepale. Kilichopunguzwa ni mzigo wa makaratasi ya kibiashara kwa mtu asiyefanya biashara. Hapa kwetu jumuiya ikipata gari inaingia kwenye taratibu zilezile za mwenye daladala, na sioni sababu Wawakilishi wasilijadili hili.

Tanzania nayo si mgeni wa fikra hii. Katika miaka ya 1980 Makete, kwenye nyanda za juu kusini, palifanywa mradi wa usafiri vijijini uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Mradi ule uliwafungua watu macho: mzigo mkubwa wa usafiri wa kijijini haukuwa barabarani, ulikuwa kichwani mwa mwanamke anayefuata maji, kuni na mashine ya kusaga, kwa vichochoro ambavyo gari haipiti. Kwa hiyo usafiri wa jamii unaweza kuwa punda, mkokoteni, baiskeli, au njia ya miguu iliyotengenezwa vizuri pamoja na kidaraja chake. Anayeandika ombi la ruzuku bila ya kwenda kuuliza kina mama wanatembea wapi, anaandika ombi la gari tu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni m-mama, mpango wa kuwafikisha hospitali wajawazito, wazazi na watoto wachanga wakati wa dharura. Ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, ukazinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022, na umefika hadi Zanzibar. Mtu anapiga 115 bila malipo. Gari ya wagonjwa isipokuwa karibu, anaitwa dereva wa palepale kijijini aliyeandikishwa, anampeleka mgonjwa, na analipwa kwa simu. Tazama tofauti yake: dereva huyu hakununuliwa gari. Ruzuku imenunua safari. Kwa dharura naona ndiyo njia bora, maana gari za kijiji tayari zipo, zilichokosa ni mtu wa kulipa saa nane za usiku. Kwa mwanafunzi wa skuli anayehitaji kufika kila siku saa moja asubuhi haitoshi. Huyo anataka ratiba.

Fedha yenyewe inatoka wapi kwa mtu wa Micheweni au Makunduchi? Hapa pana mkanganyiko mwingi. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa mwaka 2000 na unaofanya kazi Bara na Visiwani, unalipa kaya masikini na kusaidia miradi inayoibuliwa na jamii yenyewe. Kwenye usafiri msaada wake ni zaidi wa miundombinu, kama barabara za ndani. Mfuko wa Jimbo unapitia kwa Mwakilishi na unafaa kwa kitu kimoja chenye mwisho, mfano banda la kusubiria au ngazi ya diko, pale vyombo vinapofikia. Foundation for Civil Society inatoa ruzuku kwa asasi za kiraia, na ukisoma vizuri matangazo yake utaona inaangalia haki na ushiriki wa wananchi zaidi ya vyombo. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, unatoa mikopo. Mkopo si ruzuku, hata ukiwa hauna riba. Jumuiya iliyonunua gari kwa mkopo ina marejesho kila mwezi, na marejesho yataisukuma gari kwenye barabara kuu kunako abiria wengi, kulekule ambako daladala zimejaa. Yule wa ndani anabaki kama alivyokuwa.

Kisha pana swali ambalo watu wanaliona la kukosa adabu kuuliza, nalo ndilo la kwanza: gari itaandikwa jina la nani? Ikiandikwa jina la mwenyekiti kwa sababu ndiye mwenye kitambulisho karibu, siku akifariki gari inaingia kwenye mirathi, na warithi wake watakuwa na haki ya kuuliza. Ikiandikwa jina la jumuiya iliyosajiliwa, yenye akaunti ya benki na watia saini zaidi ya mmoja, swali hilo halizuki. Wazanzibari tunalijua wazo hili kwa njia ya wakfu: shamba la mikarafuu limefungwa, haliuzwi wala halirithiwi, na mavuno yake ndiyo yanayotumika. Gari ya jamii inataka moyo ule ule, pamoja na akiba ya kuibadilisha, kwa kuwa gari inachakaa.

Kwa visiwa vidogo ombi lazima liwe na mambo ambayo gari haina. Chombo kinasajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Maboya ya kuvaa yawe kwa idadi ya abiria wote, wakiwemo watoto, kwa saizi zao. Baada ya kuzama kwa meli za MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012 hakuna Mzanzibari anayehitaji kuelezwa kwa nini. Mashine ya boti ina muda wake wa kufanyiwa huduma, na fundi wake hayupo kila diko. Yote hayo ni fedha, na yaandikwe tangu ukurasa wa kwanza wa bajeti. Ukiyaacha ili ombi lionekane rahisi, utakuja kuyakata kwenye usalama wa watu.

Mfadhili atataka pia mchango wa jamii. Watu wanavunjika moyo hapa kwa kudhani ni fedha taslimu tu. Kiwanja cha kulaza gari, mlinzi wa kujitolea, nguvu kazi ya kufukia mashimo, vyote vinaweza kuhesabiwa ikiwa vimepewa thamani na kuandikwa. Kinachoshindikana kuhesabiwa ni kile kisichokuwa na maandishi. Kwa hiyo daftari la safari lifunguliwe mapema, hata kabla ya ruzuku, hata kwa gari ya kukodi: tarehe, kilomita, lita, abiria wangapi, wangapi kati yao ni wagonjwa, wanafunzi au wazee, nauli iliyokusanywa. Liendelee mwaka mzima, kwa sababu pengo halikai pahala pamoja. Msimu wa karafuu watu wana fedha na gari inajaa. Masika njia inaharibika. Ramadhani safari za mchana zinapungua. Bajeti iliyotokana na mwezi mmoja mzuri itakudanganya.

Bei ya mafuta nayo haitakusubiri. ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar, inatangaza bei mpya kila mwezi, na ruzuku inasainiwa kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Kabla ya kutia saini, jumuiya iombe kifungu kinachoruhusu kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jengine, na kiasi cha tahadhari kwa ajili ya mafuta. Pia isome kinachosemwa kuhusu siku ya mwisho wa mradi: gari inabaki kijijini, inarudi kwa mfadhili, au inakabidhiwa halmashauri? Yote matatu hutokea, na kila moja lina maandalizi yake. Ombi lenyewe lianze kwa sheha, kisha lende kwa ofisa mipango wa halmashauri, likiwa na hesabu ya pengo na daftari la safari.