"Mhandisi Kaniambia Nianze": Nani Hasa Anaweza Kuifunga Halmashauri Kimkataba

Mbio za Mwenge zikishapita, najua wateja wa aina gani watanijia miezi michache baadaye. Ni wale walioshusha saruji, mchanga na nondo kwenye zahanati iliyotakiwa kuzinduliwa haraka, kwa maneno ya simu tu. Wote wana hoja moja: "Wakili, aliyeniagiza ni mtumishi wa serikali, tena mkuu wa idara. Halmashauri inakwepaje?"

Inakwepa vizuri tu. Halmashauri ni mtu kisheria, iwe ya wilaya chini ya Sheria Na. 7 ya 1982 au ya mji, manispaa na jiji chini ya Na. 8 ya mwaka huohuo. Mwenye jukumu la kusaini mikataba yake ya ununuzi ni Afisa Masuuli, yaani Mkurugenzi. Mhandisi, afisa elimu, mganga mkuu wa wilaya, hata ofisa manunuzi mwenyewe, wanaweza kuomba kitu kinunuliwe, kukipokea, kukikagua. Kukuahidi malipo hawawezi, hata wakiwa na nia njema, na wengi wanayo.

Najua jibu lako: "Mimi ningejuaje mipaka ya madaraka yake?" Ukiuziana na kampuni binafsi, hoja hiyo ina uzito. Kampuni ikimwacha mtu ajionyeshe mbele ya watu kuwa ndiye msemaji wake, inaweza kubanwa na ahadi zake. Kwa halmashauri mambo ni tofauti. Mipaka ya kila ofisi imeandikwa kwenye sheria na kanuni zilizochapishwa, na wewe mzabuni unahesabiwa kuwa unazijua. Ahadi ya mtumishi mmoja haiwezi kufuta sharti lililowekwa na Bunge.

Majalada ya kesi hizi yamefanana mno. Kuna hati za kupokelea mzigo zenye saini ya mlinzi. Kuna picha za tipa likimwaga mchanga. Kuna ujumbe wa WhatsApp: "Leta kwanza mzee, LPO inatoka wiki ijayo." LPO yenyewe, hati rasmi ya halmashauri ya kuagiza mzigo, haimo. Namba ya zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, haimo. Mkataba haumo. Sasa jiweke kwenye kiti cha mweka hazina. Akilipa bila nyaraka hizo anajitengenezea hoja ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na mwisho wa hoja hizo ni mkurugenzi wake kujieleza mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Atakupokea vizuri, atakupa maji ya kunywa, na hatalipa. Mhandisi naye keshahamishwa.

Je, umepoteza kila kitu? Si lazima. Kifungu cha 70 cha Sheria ya Mikataba kinasema aliyefaidika na kitu alichopewa kihalali, na ambacho hakikuwa cha bure, amfidie aliyempa. Zahanati ikisimama kwa saruji yako, pa kushika papo. Lakini hapo unadai thamani ya kilichopokelewa, si bei mliyopatana kwenye simu yenye faida yako ndani, na wakili wa halmashauri atauliza mara moja uhalali uko wapi ikiwa taratibu zote za ununuzi zilirukwa. Nimeona watu wakitumia miaka kuwania pesa ambayo karatasi moja ingeilinda.

Ushauri wangu ni uleule, na wateja wameuchoka: tipa lisiondoke yadi kabla hujaona LPO au mkataba wenye saini ya Mkurugenzi. Ukiambiwa ni dharura, jibu kwamba dharura nayo ina utaratibu wake kisheria, na mkuu wa idara hauanzishi peke yake.

Wapo wanaoamini kinyume kabisa: kwamba Mkurugenzi ni mteuliwa tu, hakupigiwa kura na mtu, kwa hiyo saini yake haina nguvu mpaka diwani akubali. Mkataba uliopita njia zake unaifunga halmashauri hata kama diwani wa kata yako hajawahi kuusikia. Madiwani wanapitisha bajeti na kusimamia utekelezaji. Kumwalika mmoja wao chakula cha mchana hakukupi zabuni, na ahadi ya meya kwenye simu haina tofauti na ile ya mhandisi.

Wengine huniambia: "DC aliagiza mbele ya wananchi, kipaza sauti mkononi." Mkuu wa Wilaya anamwakilisha Rais wilayani, si mtumishi wa halmashauri na hasaini mikataba yake. Agizo lake linaweza kumkosesha Mkurugenzi usingizi, lakini mkataba halizai.

Mkurugenzi kuhamishwa, au baraza jipya kuingia baada ya uchaguzi, hakuui mkataba. Aliyeingia mkataba ni halmashauri, nayo ipo palepale.

Notisi ya kusudio la kutoa zabuni si mkataba. Imewekwa ili walioshindwa wapate nafasi ya kulalamika. Usikope benki kwa kuonyesha hiyo.

Halafu kuna wanaodai pasipodaiwa. Barabara za wilaya na za mitaani ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu Julai 2017; maji ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kijiji nacho ni mtu kisheria kupitia halmashauri yake ya kijiji, kwa hiyo deni la kijiji usilipeleke wilayani ukidhani ni nyumba moja.

Na kama umeshafika hatua ya kushtaki, usikimbilie mahakamani kesho asubuhi. Tangu marekebisho ya 2020, halmashauri inapewa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri. Ukiruka hatua hiyo, kesi inatupwa kabla jaji hajagusa hata hati moja ya saruji yako.