Nambari ya Chini Inapopanda: Shinikizo la Diastoli na Afya ya Moyo

Katika kliniki za presha hapa Kisumu husikika kauli ambayo, kwa mtu asiyeizoea, ni kitendawili: "Presha yako ya chini iko juu." Muuguzi aliyeitamka anamaanisha jambo sahihi kabisa, lakini mgonjwa aliyeketi mbele yake huenda akaondoka na jambo jingine. Akisikia "presha ya chini" huelewa kwamba presha imeshuka, maana ndivyo tunavyosema mtu anapoishiwa nguvu na kuona kizunguzungu. Na tiba ya presha iliyoshuka, kwa ushauri wa majirani, ni soda au mchuzi uliozidishwa chumvi. Hivyo mtu hurudi nyumbani akajitibu kwa chumvi, ilhali shida aliyoambiwa ni kwamba nambari ya chini imepanda.

Kosa si la mgonjwa. Ni sisi wahudumu tunaotumia maneno yale yale kwa mambo mawili tofauti, na kwa sababu hiyo nitayatenganisha hapa: "nambari ya chini" ni tarakimu inayoandikwa baada ya mstari, kwa mfano 84 katika 128/84, na "presha iliyoshuka" ni hali ya mwili. Nambari ya juu, ambayo wataalamu huiita sistoli, huonyesha shinikizo la damu katika mishipa wakati moyo unapojikaza na kusukuma. Nambari ya chini, yaani diastoli, huonyesha shinikizo linalosalia katika mishipa hiyo hiyo wakati moyo umelegea ili ujae tena. Zote mbili hutajwa kwa milimita za zebaki, ingawa mashine nyingi za siku hizi hazina hata tone la zebaki.

Wagonjwa makini huuliza: ikiwa moyo umelegea, shinikizo hilo linatoka wapi? Mkulima wa Vihiga au Bungoma aliyewahi kubeba mgongoni pampu ya kunyunyizia dawa analo jibu mikononi mwake. Mkono husukuma mpini kwa vipindi, lakini dawa hutoka mfululizo, kwa sababu ndani ya pampu mna chumba kinachohifadhi shinikizo la kila msukumo na kulitoa taratibu mkono unaporudi. Aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, hufanya kazi ya chumba hicho: kuta zake hutanuka moyo unapopiga, kisha hunywea na kuendelea kuisukuma damu mbele wakati moyo umelegea. Mwisho wa safari kuna mishipa midogo sana ambayo ni kama tundu la pampu. Tundu likizibana, shinikizo lililo nyuma yake hukataa kushuka. Kwa hiyo nambari ya chini huvutwa na mambo mawili yasiyoelekea upande mmoja. Mishipa midogo ikibana, nambari hiyo hupanda; aota ikikakamaa na kupoteza mnepo wake, hushuka. Msomaji akilikumbuka hilo, mengi yatakayofuata yatamwelea.

Jambo ambalo watu wengi hawajaelezwa ni kwamba wakati wa kulegea ndio wakati moyo wenyewe unapokula. Damu iliyojaa ndani ya vyumba vyake haiulishi msuli wa moyo. Msuli huo hulishwa na mishipa yake maalumu inayochipuka mwanzoni mwa aota na kutambaa juu ya moyo. Upande wa kushoto, ambao hufanya kazi nzito kuliko wote, unapojikaza huibana mishipa yake wenyewe kiasi kwamba damu karibu isimame humo. Unapolegea, mishipa hufunguka, na kinachoisukuma damu kuingia ni shinikizo la diastoli. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hutumia karibu theluthi mbili za kila pigo katika kulegea; ukienda mbio, kipindi hicho ndicho kinachofupishwa zaidi. Ndiyo maana nambari ya chini ina hatari pande zote mbili: ikipanda mno, moyo husukuma dhidi ya ukuta mgumu na msuli wake huwa mnene mwaka baada ya mwaka, ikishuka mno kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake tayari imeziba kwa kiasi, msuli huo huweza kukosa lishe.

Historia ya nambari hii ina funzo lake. Mwaka 1896 daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza mkanda wa kufunga mkononi na kujazwa hewa, lakini njia yake ya kugusa mpigo ilitoa nambari ya juu pekee. Nambari ya chini ilipatikana kwa urahisi mwaka 1905, pale daktari mpasuaji Mrusi Nikolai Korotkoff alipoweka kifaa cha kusikilizia kwenye kiwiko na kugundua kwamba hewa inapotolewa polepole kwenye mkanda, sauti za mpigo huanza, hubadilika, kisha hutoweka. Pale zinapotoweka ndipo diastoli. Kwa miongo mingi baadaye, madaktari waliipa nambari hiyo heshima kuu: majaribio ya tiba yaliyochapishwa Marekani mwaka 1967 na 1970, ambayo yalithibitisha kwamba kutibu presha iliyopanda huokoa maisha, yaliwachagua wagonjwa kwa kigezo cha diastoli. Baadaye mizani iligeuka. Jaribio la mwaka 1991 kwa wazee ambao nambari ya juu pekee ndiyo iliyopanda lilionyesha kwamba nao hufaidika na dawa, na tangu hapo nambari ya juu ikatawala mazungumzo. Kwa maoni yangu tumeegemea upande huo kupita kiasi, hasa tunapowahudumia vijana.

Umri ndio ufunguo. Katika jamii nyingi zilizochunguzwa, nambari ya juu huendelea kupanda maisha yote, ilhali ya chini hupanda hadi kwenye miaka ya hamsini hivi, kisha huanza kushuka. Mtazame mwendesha bodaboda wa Kondele mwenye miaka 36, uzito umemzidi, halali vizuri, na mashine inasoma 132/98. Kwake mishipa midogo imebana lakini aota bado ina mnepo, kwa hiyo nambari ya juu haitishi. Akiambiwa "uko karibu sawa, punguza mawazo," atabaki na ugonjwa ambao una muda mrefu wa kumharibu figo na moyo. Sasa mtazame nyanya yake mwenye miaka 74, anayesoma 172/70. Kwake ile 70 haimaanishi kwamba nusu ya presha yake ni nzuri. Imeshuka kwa sababu aota imekakamaa, na ile tofauti ya 102 kati ya nambari mbili ni dalili mbaya yenyewe. Tarakimu 70 kwa kijana na 70 kwa ajuza si habari moja.

Kiwango kinachotumika katika kliniki zetu, sawa na cha Shirika la Afya Duniani, ni kwamba presha imepanda ikiwa nambari ya juu imefika 140 au ya chini imefika 90, katika vipimo vya siku tofauti. Neno "au" lina uzito: moja tu ikifika, inatosha. Wamarekani waliteremsha mpaka wao hadi 130 na 80 mwaka 2017. Lakini hatari haingoji mpaka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya habari za watu wazima wapatao milioni moja, ulionyesha kwamba kati ya miaka 40 na 69, kila nambari ya chini inapopanda kwa milimita 10 kutoka 75, hatari ya kufa kwa kiharusi au ugonjwa wa mishipa ya moyo huongezeka takriban mara mbili. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne akiwa na presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Watu wa kando ya ziwa wana nafasi ya pekee katika elimu hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Viktoria wakahamia Nairobi, ukawalinganisha na wenzao waliobaki. Presha ya wahamaji ilipanda mapema baada ya kufika mjini. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi na potasiamu kidogo, na uzito na mapigo ya moyo yalikuwa yameongezeka. Kwa maneno mengine, nasaba haikubadilika ndani ya basi la Nairobi. Kilichobadilika ni chakula na maisha. Leo hakuna haja ya kupanda basi, kwa kuwa mji umetufuata hadi Siaya na Kakamega kwa njia ya mkate, soseji, chipsi na vikolezo vya pakiti ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi.

Kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa na mwokaji na muuza samaki wa kukaanga. Hapa kwetu naongeza jambo ambalo vijitabu vingi hulisahau, nalo ni magadi. Wapishi wengi hulainisha mrenda na kunde kwa magadi, wakiamini kwamba kwa kuwa si chumvi ya mezani hayana neno. Magadi yana sodiamu, na presha haiulizi imetoka kwenye pakiti gani. Mboga zenyewe ni nzuri mno, zina potasiamu ambayo husaidia mishipa kulegea. Ni hasara kuzipika kwa kitu kinachovuta upande wa pili. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, zikiwemo baadhi ya dawa za presha, anapaswa kumwona daktari kabla ya kuongeza vyakula vya potasiamu au kununua chumvi mbadala.

Pombe nayo hupandisha nambari zote mbili, na vivyo hivyo tembe za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wa kazi ngumu humeza kila jioni kama karanga. Anayekoroma sana na kuamka amechoka amweleze daktari, kwa sababu kukatika pumzi usingizini ni chanzo kinachojulikana cha presha iliyopanda.

Nambari ya chini iliyo chini ya 60 pia yafaa kutafutiwa maelezo. Kwa kijana mwenye afya na asiye na dalili, huenda ni maumbile yake tu. Kwa mzee anayetumia dawa, daktari hupima faida na hasara: nambari ya juu bado inahitaji kushushwa, lakini ya chini ikianza kuzama na mgonjwa akaona kizunguzungu au maumivu ya kifua, dozi hupangwa upya. Wataalamu hawajakubaliana ni kwa kiasi gani kushuka huko ndiko kunakodhuru, au ni alama tu ya mishipa iliyochakaa. Kuna pia kundi ambalo hapa magharibi mwa Kenya hatuwezi kulipuuza, yaani vijana ambao vali zao za moyo, ile milango inayozuia damu kurudi nyuma, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi baada ya maambukizi ya koo utotoni. Vali ya aota ikivuja, damu hurudi moyoni kila unapolegea, na mashine husoma kitu kama 150/45. Muuguzi akiona nambari za namna hiyo kwa msichana wa miaka 19, asimpe dawa ya presha akamruhusu kwenda. Kifua kinahitaji kusikilizwa na moyo kupigwa picha ya eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti.

Kwa mama mjamzito, kanuni ni kali zaidi. Katikati ya ujauzito nambari ya chini kwa kawaida hushuka kidogo, kwa hiyo ikifika 90 baada ya wiki 20 haichukuliwi kuwa uchovu wa safari, na ikifika 110 ni dharura ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu makali ya kichwa na kuona ukungu machoni visingoje kliniki ijayo, hata kama hajapimwa.

Yote haya hutegemea kipimo kilichochukuliwa vizuri, na nambari ya chini huharibika kwa vitu vidogo. Kuketi kwenye benchi lisilo na egemeo la mgongo huipandisha. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya usawa wa moyo huongeza takriban milimita 8. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya kwa kuzidisha. Mtu apumzike dakika tano, asizungumze, nyayo zikanyage sakafu, kibofu kiwe kitupu, na awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Kipimo kirudiwe baada ya dakika moja au mbili. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba hadi nyumba wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, na nyumbani kwenye kiti chako mwenyewe ni mahali pazuri kuliko foleni ya saa mbili. Kwa vipimo vya nyumbani, mpaka ni 135 na 85.

Neno moja kuhusu ripoti za eko, kwa kuwa huzua hofu. Ripoti inaposema kwamba diastoli ya moyo ina hitilafu, haizungumzii nambari ya chini ya mashine. Inasema kwamba msuli wa moyo umekuwa mgumu kulegea, na mtu anaweza kuwa na hitilafu hiyo huku nambari yake ya chini ikiwa 78. Mambo hayo mawili ni ndugu, kwani presha isiyotibiwa ndiyo mara nyingi huunenepesha msuli hadi ukakakamaa, lakini ni vipimo viwili.

Mgonjwa anayetoka kliniki aombe nambari zote mbili ziandikwe kwenye kitabu chake, ya juu na ya chini, pamoja na tarehe na saa aliyomeza dawa, kisha aulize kwa maneno haya: "Daktari, hii ya chini imepanda au imeshuka?"