Bila maabara hakuna sayansi?

Wazazi wengi hapa Lamu husema, "Shule haina maabara wala kompyuta, watoto watasoma sayansi gani?" Sivyo. Maabara husaidia, hasa kwenye kemia, lakini sayansi huanza na kupima, kukisia na kuhakiki. Mpe mwanafunzi mti wenye alama za sentimita, auchomeke ufukoni, aandike saa ya maji kujaa kila siku. Ataona yanachelewa takribani dakika 50 kila siku, kwa kuwa mwezi nao umesogea katika mzunguko wake. Baada ya wiki mbili atakuwa amekutana na bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), na grafu yake itaonyesha hayo wazi (wavuvi wetu wanayo kichwani). Na fundi wa jahazi pale kijijini Matondoni akipima mataruma, yaani mbavu za chombo, ile ni jiometri.