Bana chupa, utengeneze jangwa

Ninapowafundisha watoto jinsi majangwa yanavyotokea, mchanga huwa wa mwisho kuletwa mezani. Ukianza nao, wataamini kwamba jangwa ni mchanga na jua kali. Jangwa ni uhaba wa mvua: kwa kawaida chini ya milimita 250 kwa mwaka. Ndiyo maana Antaktika, pamoja na barafu yake yote, ni jangwa kubwa kuliko Sahara.

Basi nawauliza: mvua imekwama wapi?

Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, utie maji kidogo ya uvuguvugu, utikise. Mtu mzima awashe njiti ya kiberiti, aizime, aingize moshi wake chupani na kufunga kifuniko haraka. Mtoto aibane chupa kwa nguvu, kisha aiachie ghafla. Ukungu huo! Akibana tena, unatoweka. Watabana na kuachia mpaka mikono ichoke, nawe usiwakatize. Hewa ikipanuka hupoa, na mvuke wake hugeuka matone kwenye chembe za moshi. Ikibanwa hupata joto, matone yakakauka.

Sasa leta tufe la dunia. Karibu na ikweta hewa yenye joto hupanda, hupanuka, hupoa na kumwaga mvua. Ikishamwaga maji yake hubaki kavu, husafiri huko juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka karibu na latitudo 30. Kushuka ndiko kubanwa: kila kilomita moja huiongezea takriban nyuzijoto 10. Watoto wapitishe vidole hapo: Sahara, Arabia, Kalahari, Australia. Atakayeuliza mbona Gobi, jangwa la Asia, iko kaskazini zaidi, mpongeze. Ile iko mbali na bahari, na milima mikubwa imeinyima unyevu.

Kuhusu milima, lipo jaribio maarufu la kunyunyizia maji mlima wa udongo wa mfinyanzi ili upande wa pili ubaki mkavu. Mimi silipendi likiwa peke yake, maana mtoto huondoka akidhani mlima ni ukuta wa kuzuia mawingu. Hewa huvuka mlima. Ila maji yake huyaacha njiani ikipanda, na ikishuka hupata joto. Mrudishie chupa: aachie hewa inapopanda, abane inaposhuka.

Namib, jangwa la pwani ya kusini-magharibi mwa Afrika, ina kisa kingine. Mkondo baridi wa bahari uitwao Benguela hupoza hewa ya chini, nayo ikawa nzito mno kupanda. Ukungu upo, mvua haba. Weka glasi ya maji baridi ya rangi chini na ya maji moto juu yake, ikiwa imepinduliwa mdomo kwa mdomo, kadi ikiwa katikati, kisha uichomoe kadi taratibu. Maji hayachanganyiki: baridi hubaki chini, kama ile hewa.

Mchanga sasa. Changanya vumbi, mchanga na kokoto kwenye sinia, watoto wapulize kwa mrija. Vumbi hupotea, mchanga husogea kidogo na kurundikana, kokoto hubaki, kama ilivyo sehemu kubwa ya Sahara. Fanyieni nje, na kila mtoto avae miwani ya kukinga macho.