Nellie Melba: usiilaumu sauti, ilaumu pembe

Ukimsikiliza leo kwenye simu Nellie Melba, mwimbaji wa opera wa Australia, kisauti kinakujia kutoka mbali, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Wengi huhukumu hapo hapo: huyu ndiye aliyesifiwa vile? Haya ndiyo wasemayo, nami nayajibu moja moja.

“Sauti yake ilikuwa nyembamba.” Kilichokuwa duni ni mtambo. Santuri zake za kwanza za kuuzwa zilirekodiwa nyumbani kwake London, Machi 1904, bila maikrofoni. Aliimba mbele ya pembe kubwa, yaani mdomo mpana kama faneli wa kukusanya sauti. Nguvu ya sauti yake ndiyo iliyotikisa kiwambo, kiwambo kikatikisa sindano, sindano ikachora mfereji kwenye nta. Pembe hiyo haikuweza kunasa ule mng’aro wa juu wa sauti, na mng’aro ndio uliokuwa sifa yake Melba. Tena noti ya juu ikipigwa kwa nguvu karibu na pembe, rekodi huharibika, kwa hiyo waimbaji wa soprano, ile sauti ya juu ya kike, walijifunza kurudi nyuma kila noti kama hiyo ilipokaribia. Unayemsikia ni mtu anayeimba huku akichunga miguu yake.

Kuna na la kasi. Santuri nyingi za enzi hizo hazikurekodiwa kwa mizunguko 78 kamili kwa dakika. Ukizizungusha haraka kuliko inavyostahili, mwanamke wa miaka 42 anageuka kigoli.

“Hakurekodiwa kabla ya 1904.” Mwaka 1901 Lionel Mapleson, mkutubi wa Metropolitan Opera ya New York, alimnasa kwenye silinda za nta katikati ya onyesho. Mikwaruzo inachosha masikio, nakiri, lakini vumilia: hapo anaimbia ukumbi, si pembe.

“Melba ni jina la Kiitaliano.” Alizaliwa Helen Porter Mitchell, Australia, mwaka 1861. Melba amelikata kutoka Melbourne, mji wake. Na ile pichi Melba ya hotelini ilipewa jina lake na mpishi Auguste Escoffier, si yeye aliyejiita jina la kitindamlo.

“Basi rekodi zake zote ni za pembe.” Hapana. Tarehe 8 Juni 1926, akiwa na miaka 65, aliaga jukwaa la Covent Garden, jumba la opera la London, na safari hii maikrofoni zilikuwapo. Ziliunasa uimbaji wake, makofi, hata hotuba yake ya kuaga. Mimi humwambia mgeni aanzie hapo, kisha arudi 1904 akiwa ameshaijua sauti anayoitafuta.