Je, wajua kwa nini mashine ya vifaranga huinyamazisha redio?

Kwa wafugaji wa kuku kule Uyole, Mbeya, hukosi mashine ya kutotolea iliyoundwa na fundi wa mtaani: sanduku, balbu, feni, na bodi ndogo yenye chipu inayolinda joto lisitoke kwenye nyuzi 37.5. Weka redio juu yake, utafute FM karibu na 100. Unaweza kusikia ule mvumo wa kawaida ukikatika ghafla, kimya. Redio imeshika "kituo", ila kituo chenyewe ni ile chipu.

Inakuwaje, ilhali kristali yake, kijipande kinachoipa chipu mapigo ya kufanyia kazi, imeandikwa megahezi 20 (mapigo milioni 20 kwa sekunde) na FM inaanzia 87.5?

Siri iko kwenye umbo la mapigo. Hayapandi taratibu kama vilima vya Uporoto. Yanapanda wima kama ukuta na kushuka wima. Wimbi lenye kona kali hivyo ni mchanganyiko wa mawimbi mengi: 20, 60, 100, 140 na kuendelea, kila moja likififia kuliko lililotangulia. La tano, yaani 20 mara tano, ndilo hilo limeangukia 100. Na waya wa kipima joto ukiwa na sentimita 75, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi hilo, fundi ameshafunga antena bila kujua.

Ndiyo maana sheria huuliza kasi ya chipu. Marekani, kifaa chenye mapigo zaidi ya 9,000 kwa sekunde huhesabiwa cha kidijitali. Kasi ikiwa kati ya megahezi 1.705 na 108, mawimbi yanayovuja hupimwa hadi megahezi 1,000; ikizidi 108, kipimo kinapanda. Kisichofika 1.705 na kisichotumia umeme wa ukutani husamehewa vipimo, mradi kisisumbue wengine. Kwetu, msimamizi wa masafa ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Kusema kweli, kusoma joto mara moja kwa sekunde hakuhitaji megahezi 20. ATmega328P, chipu inayopendwa sana na mafundi, hutoka kiwandani ikiwa imewekwa megahezi 1. Hapo 100 ni wimbi la mia, hafifu mno. Msamaha huo wa Marekani usingeihusu mashine yetu, kwa kuwa imechomekwa ukutani, lakini jirani angesikiliza taarifa ya habari kwa raha. Kabla ya kugusa programu ili kupunguza kasi, fupisha kwanza ule waya, na kapasita (kifaa kidogo cha kutuliza umeme) ya nanofaradi 100 ikae jirani kabisa na miguu ya umeme ya chipu.