Nobu za priampu ya valvu na kompresa: geini, autiputi, kizingiti na uwiano

Maikrofoni hutoa umeme kidogo sana, milivolti chache tu, wakati mashine ya kurekodi inataka karibu volti moja. Priampu ndiyo inayoukuza umeme huo, mara nyingi kwa desibeli 40 hadi 60 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha ukubwa wa sauti au umeme). Desibeli 60 ni mara 1,000, kwa hiyo kosa dogo hapa linakuzwa pia mara 1,000. Baada yake huja kompresa, ambayo hupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Siku hizi vifaa vingi vimeunganisha vyote viwili katika boksi moja, na fundi wa studio anayenunua boksi la kwanza hapa Dodoma hukutana na safu ya nobu, yaani vitufe vya kuzungusha, bila mtu wa kumwelekeza.

Tuanze na jambo linalosumbua wengi: mbona nobu za kuongeza sauti ni mbili? Kwa kawaida geini iko kabla ya valvu, autiputi iko baada yake. Valvu, ile chupa ya kioo inayowaka ndani kama kwenye redio za zamani, ikisukumwa kwa nguvu huzalisha sauti nyingine juu ya noti iliyopigwa, hasa ile iliyo oktavu moja juu. Zikiwa kidogo, sikio huzisikia kama unene na joto. Zikizidi, ni mkwaruzo. Basi ukitaka sauti safi, weka geini chini na uongeze autiputi. Ukitaka ladha ya valvu, panda na geini huku ukishusha autiputi ili kompyuta isizidiwe. Nguvu ya mwisho inaweza kuwa ileile kwa njia zote mbili, lakini rangi ya sauti ikatofautiana kabisa. Anayezungusha autiputi peke yake bado hajaisikia valvu aliyoilipia.

Kiasi gani? Pima kwa sauti kubwa kuliko zote zitakazotokea. Ukirekodi kikundi cha wanamuziki wa Kigogo, usipange geini kwa mwimbaji anayejaribu maikrofoni kwa kunong'ona. Omba vigelegele, na vipigwe kama vinavyopigwa ngomani. Vilele vya sauti vikifika kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kompyuta, ambako 0 ndiyo kikomo, una nafasi ya kutosha. Zeze linalopigwa peke yake litahitaji geini kubwa zaidi. Ngoma za muheme, zile wanazopiga wanawake wa Kigogo, zilizo karibu na maikrofoni huenda zikahitaji swichi ya kupunguza, ambayo mara nyingi hushusha desibeli 20 kabla sauti haijafika kwenye valvu. Na ukirekodi nje, upepo wa Dodoma unajulikana: washa kichujio cha besi, kinachokata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80, lakini kizime kwa ngoma kubwa, maana kitakula mwili wake.

Sasa kompresa. Kizingiti ni kiwango ambacho sauti ikikivuka, kompresa inaanza kazi. Chini yake haigusi kitu. Uwiano unasema inashusha kwa ukali gani. Ukiweka 4:1, sauti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 8 itatoka ikiwa imekivuka kwa desibeli 2 tu, yaani 6 zimeondolewa. Mshale wa mita utakuonyesha hizo 6, na mimi humwamini mshale huo kuliko namba zilizoandikwa kando ya nobu.

Ataki na rilizi ndizo zinazohitaji sikio. Ataki ni muda ambao kompresa inachukua kuanza kushusha, rilizi ni muda wa kuachia, na zote hupimwa kwa milisekunde. Mwanamke anapopiga muheme, mlio wa kiganja kwenye ngozi hutangulia, kisha ndipo mvumo unafuata. Ataki ya milisekunde 1 hukikata kiganja, na ngoma inabaki kama inapigwa chumba cha pili. Ipe milisekunde 20 au 30, kiganja kipite kwanza. Rilizi ikiwa ndefu mno, pigo linalofuata linakuta kompresa bado imekandamiza, na muziki wote unazama. Ikiwa fupi mno, sauti inasikika ikihema. Sogeza rilizi polepole hadi mshale urudi kwenye sifuri kabla ya pigo lingine.

Zipo kompresa za valvu zisizo na nobu zote hizo. Teletronix LA-2A, iliyobuniwa Marekani, ina mbili kuu tu: moja ya kukandamiza na moja ya kurudisha nguvu iliyopotea. Muda wake unaamuliwa na taa na kipande kinachohisi mwanga, na hupendwa sana kwa sauti za waimbaji.

Wakati wa kurekodi, desibeli 3 za kupunguza zinatosha. Muziki wa Kigogo mara nyingi hujengwa kwa kiongozi kuanza taratibu na waitikiaji kuingia kwa kishindo, na kishindo hicho kikishakandamizwa kwenye rekodi hakuna nobu ya kukirudisha. Unaweza kukandamiza zaidi baadaye, ukiwa unachanganya, huku rekodi ya asili ikibaki salama.